Wajapani si wapole, wala Wafaransa si wakorofi

Kila mgomo ukizuka, maelezo ni yale yale: Wafaransa wana hasira, Wajapani wana adabu, Wajerumani wanapenda utaratibu. Yananikera. Yanamgeuza mfanyakazi kuwa mtu anayesukumwa na mila za kwao tu, ilhali anapima nguvu zake na kutafuta pa kubana.

Mwaka 2018 huko Okayama, Japani, madereva wa mabasi ya Ryobi waliingiwa na hofu ya ajira zao baada ya kampuni nyingine kuruhusiwa kuingia kwenye njia yao kwa nauli ya chini. Hawakuegesha mabasi. Waliendelea kubeba abiria, ila mashine za nauli wakazifunika kwa vitambaa, abiria wasilipe. Dunia ikasifu ustaarabu wao. Mimi nikaona hesabu kali: wangegoma kabisa, abiria wangehamia kwa mshindani yule yule waliyemwogopa. Na ni Japani hiyo hiyo ambako mwaka 1960 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Miike waligoma kwa miezi kadhaa, kukawa na mapambano makali na mmoja wao akauawa. Adabu ya kuzaliwa nayo ilikuwa wapi siku hizo?

Mwaka 2009, wafanyakazi wa Caterpillar, kampuni ya mitambo ya ujenzi, mjini Grenoble, Ufaransa, waliwazuia mameneja ofisini usiku kucha kwa sababu ya mpango wa kupunguza zaidi ya watu 700. Kumfungia mtu ofisini ni kosa, na siungi mkono. Lakini makao makuu yalikuwa Marekani. Wenye uamuzi hawakufikika. Waliofikika ni wale mameneja.

Ujerumani mambo yako tofauti kwa sababu sheria ni tofauti. Mgomo lazima uitishwe na chama cha wafanyakazi, na uhusu mkataba wa hali bora za kazi kati ya chama na mwajiri. Kwa upande mwingine, tangu sheria ya 1976, kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 huwapa wawakilishi wao nusu ya viti vya bodi ya usimamizi, ingawa kura ikigongana mwenyekiti, ambaye kwa kawaida hutoka upande wa wenye hisa, ndiye mwenye kura ya uamuzi. Anayeweza kubishana mezani hana haraka ya kwenda barabarani.

Asiye na meza hiyo hulazimika kwenda mbali zaidi. Mwaka 2011 Kim Jin-suk, mwanaharakati wa wafanyakazi wa Korea Kusini, alikaa siku 309 juu ya kreni namba 85 ya kiwanda cha meli cha Hanjin mjini Busan, akipinga watu kupunguzwa kazi. Kwenye kreni hiyo hiyo, mwaka 2003, kiongozi wa chama Kim Ju-ik alikata tamaa akajiua. Mtu akiniambia hizo ni tabia za Wakorea tu, namuuliza: kwenye nchi ambako kampuni iliweza kukidai chama mamilioni ya fidia kwa sababu ya mgomo, ungepanda wapi?

Ndiyo maana mameneja wanaotumwa ng'ambo wasisome vitabu vya tabia za mataifa tu. Wasome sheria za kazi. Tesla, kampuni ya magari ya Marekani, ilikataa kusaini mkataba wa hali bora za kazi na chama cha wafanyakazi cha IF Metall nchini Sweden, na mgomo ukaanza Oktoba 2023. Sheria ya huko inaruhusu migomo ya kuunga mkono, kwa hiyo wafanyakazi wa bandari wakakataa kushusha magari ya Tesla, na wa posta wakaacha kupeleka namba zake za usajili.