Haki barazani, huruma shambani: Torati na maskini

Wanaosema Maandiko humpendelea maskini hukwama kwenye Kutoka 23:3, panapokatazwa kumpendelea maskini katika kesi yake. Wanaosema kila mtu abebe mzigo wake nao hukwama kwenye Mambo ya Walawi 19:9-10: mwenye shamba asivune hadi pembeni wala asirudie masazo, kwa kuwa ni ya maskini na mgeni. Mistari mitano mbele, sura hiyohiyo inamkataza hakimu kumpendelea maskini au kumstahi mwenye nguvu.

Kwa maoni yangu hakuna mgongano. Katazo linamhusu hakimu, agizo linamhusu mwenye mali. Hakimu akimpa maskini asichostahili, anagawa mali ya mtu mwingine, na huruma hiyo haimgharimu yeye chochote. Huruma ya Torati hutoka mfukoni mwa yule anayeamriwa kuwa nayo.

Sheria za rehani zinaonyesha mizani hii vizuri zaidi. Kumbukumbu la Torati 24 haifuti deni. Mkopeshaji bado anadai. Lakini asichukue jiwe la kusagia (mst. 6), maana nyumba itakosa unga. Asiingie ndani kujichagulia rehani, bali asubiri nje aletewe (10-11). Vazi la maskini alirudishe jua likichwa, mwenyewe apate kujifunika usiku (12-13). Kibarua naye alipwe siku hiyohiyo (15). Hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka: tunatoa sadaka kwa moyo mweupe huku tumekalia ujira wa mtu, ujira ambao Yakobo 5:4 inasema unapiga kelele. Kuulipa si hisani, ni deni.

Ugumu halisi uko Kumbukumbu la Torati 15. Kila mwaka wa saba madeni yaliachiliwa, na mstari wa 9 unamwonya mapema anayemnyima maskini mkopo kwa sababu mwaka huo umekaribia. Onyo halikutosha. Mishna, mkusanyo wa mapokeo ya sheria za Kiyahudi, inaeleza kuwa Hillel, mwalimu wa sheria aliyefundisha zama za Herode, aliona watu wameacha kukopesha, akaweka prosbuli: hati ambayo kwayo mkopeshaji hukabidhi madai yake kwa mahakama, na deni halifi. Wapo watakaosema amri ilitobolewa. Siwaungi mkono moja kwa moja, kwa sababu aliyelala njaa ni yule aliyenyimwa mkopo. Ila ni kweli pia kwamba aliyezama katika madeni alifungiwa mlango wake wa kutokea.

Na 2 Wathesalonike 3:10, asiyetaka kufanya kazi asile? Inamgusa anayekataa kazi, si aliyeikosa wala asiyeiweza. Masazo yenyewe yalidai jasho: Ruthu aliokota hadi jioni, akapura, akapata yapata efa moja ya shayiri, kama lita 22. Kasoro ni kwamba kikongwe asiyefika shambani hapati kitu. Kwa wa namna hiyo ipo zaka ya mwaka wa tatu (Kumbukumbu la Torati 14:28-29), iliyowekwa akiba mjini kwa Mlawi, mgeni, yatima na mjane, bila kudaiwa kazi.

Paulo anaweka masharti kwa wajane wa kuandikwa katika orodha ya kusaidiwa na kanisa katika 1 Timotheo 5: wawe wametimiza miaka 60, na jamaa wawatunze wao kwanza. Ni mgawo wa haki pale mfuko ulipo mdogo. Mjane kijana anashauriwa aolewe. Asiyepata mume na asiye na ndugu hana nafasi katika orodha hiyo, na kamati ya kanisa inayonakili umri huo bila kutazama hali yake inamnyima mkate yule ambaye zaka ya mwaka wa tatu ingemlisha.