Bahasha tatu mezani: aliyeacha pombe akikataa dawa, ni mkaidi?

Mwezi uliopita shemeji yangu aling'olewa gego kwenye kliniki moja mtaani Umoja, hapa Nairobi. Alirudi nyumbani shavu limefura, mkononi ana vibahasha vitatu vya kaki, kila kimoja kimeandikwa kwa kalamu namna ya kumeza: 1×3, 1×3, 2×3. Akavipanga mezani kando ya redio, akavitazama, akaviacha hapo hapo. Usiku kucha alisukutua maji ya chumvi na kuzungukazunguka sebuleni. Alfajiri dadangu akanipigia simu: "Kuja uongee na huyu shemeji yako. Ukaidi wake utamuua."

Shemeji ana miezi 11 bila pombe.

Neno hilo, ukaidi, nimelisikia mara nyingi likitajwa juu ya watu walioacha kunywa, kila wanaposita mbele ya kidonge. Upande mmoja wako wahudumu wa afya na jamaa wa nyumbani, wanaosema dawa ni dawa: imeandikwa na aliyeisomea, imeze upone. Upande wa pili wako waliokwisha kulipitia shimo lile, wale wazee wa vikundi vya AA, vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, wanaokutana jioni kwenye kumbi za makanisa. Hao humwonya mgeni tangu siku ya kwanza kwamba kichwa kilichozoea kulewa hakibagui kimeleweshwa na nini. Wa kwanza wana vyeti. Wa pili wana makovu, na mara nyingi hao ndio hawasikilizwi.

Lugha yetu nayo haitusaidii. Ya malaria ni dawa, ya viatu ni dawa, na hata za kulevya tumeziita dawa. Hapa Nairobi ukiingia mkahawani ukaagiza dawa, unaletewa maji moto yenye tangawizi, ndimu na asali. Ukiagiza dawa kwa jina hilo hilo kwenye baa ya hoteli, unaletewa vodka yenye ndimu na asali. Mtu mwenye mafua na miezi mitatu ya kutokunywa inambidi aulize kabla ya kuinua glasi, na akiuliza, anatazamwa kama mtu wa visa.

Turudi kwenye zile bahasha. Ya kwanza ilikuwa na amoksilini, dawa ya kuua vijidudu. Hiyo haimlevyi mtu wala haina ugomvi na historia yake, na kuiacha mezani ilhali kidonda kiko wazi mdomoni lilikuwa kosa. Ya pili ilikuwa metronidazoli, ambayo wengi tunaijua kama Flagyl. Hapa pia shemeji alikosea, lakini kosa lake linaeleweka. Miaka yote alisikia kwamba dawa hiyo na pombe haviendi pamoja, naye akalichukua onyo kuwa ni la watu kama yeye. Kumbe linamlenga anayekunywa sasa, wala halimhusu aliyeacha. Wa kuogopa metronidazoli hata kama hajaonja tone ni yule anayemeza disulfiramu, ile dawa ya kumfanya mtu aichukie pombe, kwa sababu mbili hizo zikikutana zinaweza kumvuruga mtu akili akaanza kusikia na kuona yasiyokuwapo.

Bahasha ya tatu, ile ya 2×3, ilikuwa parasetamoli iliyochanganywa na kodeini. Kwa hii nasimama na shemeji bila kusita.

Kodeini ikifika kwenye ini, sehemu yake hugeuzwa kuwa mofini. Iko katika ukoo mmoja na heroini, ingawa ni ndugu mdogo. Linalosahaulika ni kwamba hata pombe hupitia njia hiyo ya mofini ubongoni. Mtu anapokunywa, ubongo hutoa kemikali zake wenyewe zinazofanana na mofini, na sehemu ya ile raha ya glasi ya kwanza hutoka hapo. Ndiyo maana naltreksoni, dawa inayoziba milango hiyo ya mofini, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1994 kuwatibu waliotekwa na pombe. Sasa ikiwa kuuziba mlango kunamsaidia mtu asirudi kunywa, tunashangaa nini mtu huyo akiogopa kidonge kinachoubisha mlango huo huo mara tatu kwa siku? Wazee wa vikundi hawakusoma habari za ini na mofini. Walijua kwa kuwaona wenzao walioingia hospitali kwa mguu uliovunjika na kutoka wamepata rafiki mpya.

Tena katika bahasha ile mlikuwa na jambo jingine ambalo halikuandikwa popote. Vidonge viwili mara tatu ni sita, na kila kimoja kina miligramu 500 za parasetamoli, yaani gramu tatu kwa siku. Mtu mzima mwenye ini zima anaruhusiwa hadi gramu nne. Ila kwa aliyelinywesha ini lake miaka mingi, madaktari wengi hushauri asipite gramu mbili, vidonge vinne. Na nyumbani kwa dadangu kuna Panadol kabatini, na dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli ndani. Hesabu hiyo ni nani aliyeifanya?

Dawa nyingine ya kuogopwa, ingawa si ya ukoo wa kodeini, ni diazepamu, kidonge cha kutuliza na kuleta usingizi, na hapa hoja ya wazee wale inazidi kupata nguvu. Pombe na diazepamu hukanyaga breki moja ya ubongo. Kwa sababu hiyo diazepamu ndiyo tiba sahihi katika siku za kwanza za kuacha: inaishika breki ambayo pombe imeiachia ghafla, kisha inapunguzwa hatua kwa hatua ndani ya siku chache hadi iishe. Shida huanza inapovuka wiki hiyo. Mtu ana miezi minane bila kileo, hapati usingizi, au mgongo umemkaza, na kwa nia njema kabisa mtu anamwandikia diazepamu. Dawa hiyo haitoki mwilini upesi. Yenyewe na mabaki yake huweza kukaa siku kadhaa, na kwenye ini lililochoka hukaa zaidi, hivyo kidonge cha Jumatatu bado kipo cha Alhamisi kinapomezwa. Mwili unazoea, kimoja kinakuwa viwili. Na siku akiteleza akanywa, breki mbili zinakanyagwa kwa pamoja na pumzi inaweza kukata usingizini.

Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka 1994 haipuuzi hatari hii, na dawa za ukoo huo haziuzwi kihalali bila karatasi ya daktari. Lakini kila anayeishi Nairobi amesikia habari za mchele, yaani vidonge vya kulaza watu vinavyotiwa kwenye vinywaji vya walevi ili waibiwe. Ukoo ni huo huo. Anayeacha pombe akisema anakiogopa kidonge cha usingizi, anaogopa kitu ambacho mji mzima unakijua.

Kuna takwimu moja ambayo siachi kuirudia. Utafiti wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Wakenya zaidi ya milioni 1.3 wa umri wa miaka 15 hadi 65 wametekwa na pombe kiasi cha kuwa waraibu, karibu mmoja kati ya ishirini. Tukiisikia nambari hiyo huwa tunawafikiria wakiwa kwenye mabaa na mitaroni. Mimi huwafikiria wakiwa kwenye benchi la kliniki. Kila mmoja wao ana meno. Kila mmoja atakohoa msimu wa baridi wa Julai. Wapo watakaogongwa na pikipiki, wapo wanawake watakaojifungua kwa upasuaji, wapo watakaougua kifua kikuu na kuandikiwa isoniazidi, dawa inayoweza kulidhuru ini na isiyopatana na disulfiramu. Mmoja kati ya ishirini maana yake ni kwamba kliniki inayohudumia wagonjwa arobaini kwa siku huenda imekutana na wawili wa namna hiyo kabla ya kufunga. Je, ni wangapi walioulizwa? Shemeji aliulizwa kama ana mzio wa penisilini. La pombe halikutajwa. Naye hakulisema, kwa sababu msichana wa mapokezi anakaa ploti moja na dadangu.

Hata hivyo, upande wa madaktari una hoja ambayo sina haki ya kuipitia mbio.

Hofu ya dawa nayo huua. Kuna familia ambazo zikichoka na mlevi wao humfungia chumbani na uji na Biblia zikingoja atoke ameokoka. Kwa aliyekunywa sana kila siku, degedege linaweza kumjia kati ya saa 6 na saa 48 baada ya glasi ya mwisho, na siku ya pili hadi ya nne ndipo huja ule wazimu wa kutetemeka, joto la mwili likipanda na moyo ukienda mbio, hali ambayo isipotibiwa huua. Huyo anahitaji ile ile diazepamu niliyoisema vibaya hapo juu, mikononi mwa wanaomwangalia, hospitalini Mathari au penginepo. Anahitaji pia sindano ya thiamini, ile vitamini B1, kabla ya kutundikiwa maji ya glukosi, kwani sukari ikitangulia kwa mtu aliyeishiwa thiamini inaweza kuuharibu ubongo. Kumnyima hayo kwa jina la usafi ni kumwacha afe.

Vivyo hivyo dawa za sonona. Nimemsikia mtu kikundini akiambiwa kwamba maadamu anameza fluoksetini bado hajawa mzima. Si kweli. Fluoksetini haileweshi wala haimtumi mtu kuisaka usiku, na kuikatiza ghafla kwa sababu ya maneno ya mwenzako kunaweza kukurudisha kwenye giza lile lile ulilokuwa ukilizima kwa chupa. AA yenyewe imekwisha kuwaambia wanachama wake wasijifanye madaktari. Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza akamprosati na naltreksoni kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya watu hawa hawa. Ziko dawa zinazolinda kutokunywa kwa mtu.

Ila hata hizo zina masharti ambayo asiyeambiwa hatayajua. Anayemeza naltreksoni akipata ajali, mofini ya hospitalini haitamfaa kitu, kwa hiyo lazima aliye naye ajue. Mwenye figo mbovu si wa kupewa akamprosati ovyo. Disulfiramu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Akina mama zaidi ya mmoja wameniuliza, kwa sauti ya chini, kama inafaa kumtilia mume kwenye chai bila kumwambia. Haifai kamwe. Aliye nayo mwilini akinywa, uso unawaka, kichwa kinagonga, anatapika, shinikizo la damu linaporomoka, na mwenye moyo dhaifu anaweza kufa mezani pake. Nguvu yake inaweza kubaki hadi siku 14 baada ya kidonge cha mwisho. Katika siku hizo hata dawa ya kikohozi yenye spiriti, dawa ya kusukutua mdomo, au divai ya komunyo inaweza kumwamsha nyoka. Asiyejua kwamba ameipewa atajilinda vipi?

Kwa hiyo sikubaliani na anayesema waliopona wasimeze chochote. Lakini nikilazimika kuchagua ni nani kati ya daktari na aliyeacha pombe anayehitaji kutetewa leo mjini hapa, ni yule aliyekaa macho na bahasha zake. Daktari akikosea, kuna mwingine wa kumsahihisha. Shemeji akikosea kwa kumeza, anaweza kupoteza miezi 11 kwa siku tano, na hakuna kliniki itakayoandika kwamba ilianzia kwenye jino. Alikosea bahasha mbili kati ya tatu, ndiyo. Lakini hakuna aliyekuwa amempa njia ya kuzitofautisha, na hiyo moja aliyoipatia ndiyo ambayo ingemrudisha alikotoka.

Saa tatu asubuhi nilimsindikiza. Nilidhani nitamsemea, lakini mlango ulipofungwa akasema mwenyewe, macho yakiwa sakafuni: "Daktari, mimi nilikuwa mlevi. Sijanywa tangu mwaka jana. Hizi nimeziogopa." Daktari wa meno, mama wa makamo, aliweka kalamu chini. Akamuuliza kama amewahi kutapika damu au kuambiwa ana vidonda vya tumbo. Hajawahi. Akamuuliza kama anatumia dawa yoyote ya kuachia pombe. Hatumii. Akamwambia zile bahasha mbili azianze sasa hivi na azimalize, ya tatu akaivuta kwake akaitia kwenye droo. Badala yake akamwandikia ibuprofeni ya siku tatu, ale kwanza ndipo ameze, na parasetamoli tupu, vidonge vinne kwa siku, basi. Akaeleza kwamba kwa maumivu ya jino ibuprofeni na parasetamoli zikitumiwa pamoja hufanya kazi vizuri kama ile yenye kodeini, na kwamba hata madaktari wa meno wa Marekani sasa huanzia hapo.

Shemeji akauliza kama ile sindano ya ganzi ya jana nayo ilikuwa ya kulevya. Akajibiwa hapana. Nilimwona akishusha mabega. Kisha yule mama akalifungua faili na, juu kabisa, kando ya pale palipoandikwa kwamba hana mzio wa penisilini, akaongeza kwa kalamu nyekundu: asipewe kodeini. Yote hayo hayakufika dakika kumi.