Ukatili unaanzia kwenye nafaka
Mwandishi wa makala moja anadai kitabu cha hadithi The Hunger Games kinawafundisha vijana kupenda damu. Sidhani kama alifika mbali na jalada. Suzanne Collins (2008) kaweka ukatili wenyewe kabla mkuki wowote haujarushwa: mtoto wa maskini anaongeza jina lake kwenye bahati nasibu ya kifo, inayochagua watoto wa kupigana hadi kufa, ili nyumbani wapate nafaka na mafuta. Gale, kijana maskini wa miaka 18, jina lake limo mara 42. La binti wa meya, mara chache tu. Niliwasomea kidato cha tatu hapa Newala sehemu hiyo, korosho zikiwa bado hazijauzwa, na swali la kwanza kutoka nyuma ya darasa likawa: “Mwalimu, mafuta lita ngapi?” Filamu zake ndizo zinazopamba mapigano, hilo nakubali. Nyie mliokisoma, kipi kimewabaki kichwani?