Paka wa Jirani Jukwaani Lamu

Nilikuwa nimeshaota ndevu nilipoambiwa kwamba Amitabh Bachchan haimbi. Mara nyingi yeye hufungua mdomo tu. Sauti, katika nyimbo zake nyingi, ni ya Kishore Kumar, ambaye kwenye picha hata hayumo. Nilinuna siku kadhaa. Sisi vijana wa Malindi tulikuwa tukichanga nauli, tunapanda basi hadi Mombasa kutazama picha ya Kihindi, na kurudi ni kuimba njia nzima, Kilifi yote inatusikia. Maana ya maneno hatuijui hata ya neno moja, lakini palipolia Amitabh nasi tulilia papo hapo. Kumbe machozi yetu yalikuwa haki ya mtu mwingine.

Ukubwani nikaona si neno. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu aliyetutoka 2014, alizichukua sauti za filamu za Kihindi akazivisha Kiswahili, na mashairi mengi aliyoyaimba alitungiwa na Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita. Sauti za Bombay, tungo za Mvita, koo la Bhalo, na anayefuta machozi ni mama yangu, jikoni, Malindi. Kila mtu na kazi yake. Mimi kazi yangu ilikuwa ya Bhalo, kwa kiwango cha mtaani: sahibu yangu wa Lamu akitunga, nami nikiimba. Harusini kwake niliimba wimbo aliomtungia bibi harusi wake, beti saba, na watu wazima walilia.

Sasa kijana wake anaoa. Simu ikaja: "Sahibu, uje uuimbe ule ule."

Maneno nilikuwa nimeyasahau yote isipokuwa kiitikio, na kiitikio chenyewe nikikianza huishia katikati ya wimbo mwingine. Akanitumia beti zote kwa WhatsApp. Nikafunga mkoba.

Safari ya Malindi hadi Lamu ukiwa umevuka hamsini si ile ya ujanani. Barabara yenyewe siku hizi ni lami, Garsen, Witu, huna la kulalamikia isipokuwa magoti. Ila kuna vizuizi vya polisi, abiria mnashuka, mnapanga foleni na vitambulisho mkononi. Afisa akakitazama changu, akanitazama, akakitazama tena. "Mzee, umebeba cha kijana wako?" Foleni nzima ikacheka, pamoja na dereva, ambaye nadhani hata hakusikia. Mbele kidogo utingo akapiga kelele "Hindi! Hindi wa kushuka!" na mimi niliyekuwa nasinzia na nyimbo zangu za sinema kichwani nikafumbua macho nikidhani tumepita mpaka. Hindi ni mji kabla ya Mokowe, pa kupandia boti ya Lamu. Nimepita hapo tangu kijana na bado hunishtua.

Mokowe ndipo mambo yalipoharibika. Maji yalikuwa yametoka, boti iko chini, na ngazi za gati zina utelezi. Zamani niliruka. Safari hii nilisikia nahodha akisema, "Mpeni mkono mzee," na mikono kama minne ikanidaka kwapani kama gunia la nazi. Nikainama kutafuta pa kukanyaga. Miwani ya kusomea, iliyokuwa mfuko wa shati, ikatoka taratibu, ikagonga ukingo wa boti mara moja, ikaenda.

Kijana wa boti alichungulia majini kwa heshima zote. "Ami, hiyo sasa ni ya kaa."

Tabibu wa macho alinieleza zamani kwamba baada ya arubaini lenzi ya jicho huanza kukakamaa, haijikunji tena kuona cha karibu. Ndiyo maana mwanzo unanyoosha mkono kusoma gazeti, halafu siku moja mkono haufiki. Wangu uliacha kufika kitambo. Na Lamu tuliingia magharibi, maduka yanafungwa. Sahibu akaniazimia miwani ya mamake. Nikaivaa nikatoka kibarazani, punda mmoja aliyebeba mawe akawa msafara. Nikamrudishia bi mkubwa amana yake.

Mpwa wa sahibu ndiye aliyepata dawa. Akaichukua simu yangu, akaingia kusikojulikana, akayakuza maandishi hadi mwisho wake. "Hata aliye Manda ataisoma, Ami." Kweli. Mstari mmoja tu ndio ulioenea kwenye kioo, herufi kama za kwenye jahazi. Nilikuwa nikiusogeza kwa kidole gumba, unaingia mwingine. Nikafanya mazoezi chooni, ikaenda vizuri.

Lazima nieleze hadhira. Huo ni mji aliotoka Zein l'Abdin, bingwa wa udi, na huko hata muuza kahawa husikia uzi wa udi ukilegea. Halafu hawasikilizi wimbo, wanauchungua. Ukiimba ua, wanauliza la nani. Ukiimba mkungu wa ndizi, kuna mtu nyumba ya tatu atahama. Wanaume tumekaa upande huu kwenye mikeka, wanawake upande wao, na juu ya mapaa vivuli vya mabuibui na simu zimewashwa. Udi, fidla, tabla, kinanda cha umeme. Nikashika kipaza sauti mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto.

Ubeti wa kwanza ulitoka. Wa pili ulitoka zaidi. Nikajiamini, nikaanza na ile mikono ya sinema, mmoja kifuani, mwingine kama namzuia mtu asipande treni. Kiuno nilikiacha, kina daktari wake. Ubeti wa tatu nikatupa jicho kiooni, nikauona mstari umesimama juu, mkubwa, mweusi, nikaufungulia koo:

"Paka wa jirani kaja, kala samaki wa jana."

Ujumbe wa mke wangu. Umeshuka kutoka juu ya kioo, kama zinavyoshuka, ukakaa pale pale pa mstari wangu. Na naomba nieleweke: mstari uliingia. Mizani 8 na 8, hesabuni. Mke wangu hajatunga shairi maishani mwake, lakini usiku ule alitunga, tena kwa simu, tena na hasira. Nilishtuka nilipofika kwa samaki, na nilikuwa nimeshafika. Mstari wa taarabu hurudiwa. Mpiga fidla, Mungu amsamehe, alishaukamata, akaulilia yule paka kwa uchungu ambao sijausikia kwa binadamu. Nikarudia. Nikatupa jicho tena niokoke.

"Dirisha la jiko wazi, nani aliyeliwacha?"

Upande wa wanawake kukawa kimya kwanza. Kisha vigelegele, lakini vya kona moja tu. Mtoto akapenya kati ya watu na noti ya mia tano: "Nimetumwa urejee ubeti wa paka. Na ukifika kwa jirani, utazame huku." Kabla sijapokea vizuri akaja mwingine, kutoka kona ya pili, bila noti: "Nimetumwa nikwambie paka ana mwenyewe." Wa tatu alileta mia mbili na swali, aliyeliwacha dirisha ni dada mtu au wifi mtu. Mimi naitikia kwa kichwa kwa wote. Hilo halikusaidia.

Sahibu yangu, mwenye harusi, mwenye wimbo, akaja jukwaani amekunja noti kama anayekuja kunituza. Akanisogelea sikioni huku anatabasamu kwa ajili ya watu.

"Huu wimbo ni wa nani?"

"Wa mke wangu."

"Niimbie wangu!"

"Siuoni. Paka ameukalia."

Akaondoka na noti yake. Na mimi nikatazama chini, maana mpigaji tabla alikuwa ananisubiri, na kiooni pakaja:

"Gesi nayo imekwisha, nitumie elfu tatu."

Wazee ndio walioanguka. Ami mmoja wa bwana harusi, aliyeoa binti mdogo mwaka uliopita, aliinuka pale mkekani, akavaa viatu vyake polepole, akatoka bila kuaga. Na kila hatua aliyopiga kicheko kilimsindikiza hadi akakata kona. Noti zilininyeshea. Niliumaliza wimbo kwa kiitikio kile nusu, nikatunga la mwisho mwenyewe kwa sauti ya la-la-la, na hakuna aliyejali. Bibi harusi, niliambiwa, alicheka mpaka wanja ukamwagika. Bwana harusi aliniamkia kwa mikono miwili. Usiku ule ule nikachota katika tuzo, nikamtumia mke wangu elfu tatu zake kwa M-Pesa, nikalala usingizi wa mtu aliyenusurika.

Asubuhi barazani, karibu na Mkunguni, nilikuta kesi inaendelea. Kahawa tungu, kaimati, na fasiri. Mvuvi mmoja alishika kwamba paka ni ile bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa 2021, na samaki ni samaki wao, na wavuvi walishakwenda mahakamani kwa jambo hilo hilo. Alisema kwa uchungu nikakaribia kukubali. Mwalimu mstaafu akasema hapana, gesi imetajwa, huu ni wimbo wa gharama ya maisha. Bwana mmoja mfupi hakusema kitu, ila aliniuliza nina udugu gani na shemeji zake. Wote wakanigeukia. Nami nikajibu walivyojibu waimbaji wote tangu enzi za Siti binti Saad: "Aliyeelewa ameelewa." Wakatikisa vichwa. Nikamwagiwa kikombe cha pili, bure.

Sikujua kwamba wakati huo nimeshakuwa mwigizaji. Yale mapaa na zile simu. Nilipofika Mokowe (nilishuka botini kwa makalio, sikutaka mikono ya mtu) video ilikuwa imeshanipita. Ilinipita Witu, ilinipita Garsen, ikafika Malindi kabla basi halijaondoka stendi. Ndani yake naonekana mwili mzima: kanzu, kofia, mkono kifuani, macho nimefumba nusu. Simu niliyokuwa nikiisoma haionekani, imezibwa na bega la mpiga kinanda. Huoni mtu anayesoma. Unaona mtu anayeumia.

Mke wangu alipiga tukiwa kwenye kizuizi, nimepanga foleni, kitambulisho mkononi.

"Nimeiona."

"Ni maneno yako," nikasema. "Fungua simu yako utazame. Neno kwa neno."

"Maneno ni yangu. Kilio si changu. Mimi niliandika habari ya paka, wewe hukuimba kama mtu anayeimba paka."

"Nilikuwa naiga Amitabh."

"Na elfu tatu zikaja usiku ule ule, sijakukumbusha hata mara moja. Tangu lini?"

Afisa akanyoosha mkono, nikampa kitambulisho. Akakitazama, akanitazama, akaanza kutabasamu. Sijui kwa ile picha au kwa ile video.

"Nakuuliza kwa wema," akasema mke wangu. "Huyo paka ni nani?"

"Ni paka wa jirani, mke wangu!"

"Jirani yupi?"