Namba za kurasa au kitufe cha "Endelea": namna ya kupekua fishi laki sita

Katika biro nyingi za Goma, fomu ya kutafutia fishi, yaani rekodi ya mtu kama mgonjwa wa hospitali, hutengenezwa mapema, wakati hifadhidata ina majina elfu mbili au tatu tu. Inajibu haraka, kila mtu anaridhika. Fishi zikifika laki sita, mtu wa mapokezi anaandika "Kambale", anabonyeza, anangoja, anabonyeza tena kwa kuwa hakuna kilichotokea, na seva sasa ina kazi mara mbili. Watengenezaji wakiitwa, ubishi huwa mmoja: wengine wanataka namba za kurasa zifutwe zibadilishwe kwa kitufe cha "Endelea", wengine wanasema bila namba mtumiaji atapotea. Hoja zipo pande zote mbili. Ila kabla ya kuchagua, inafaa kujua ukurasa wa mbali unagharimu nini, na kwa nini mtu alifika huko.

Tuseme fomu inaonyesha mistari 25 kwa ukurasa. Fishi laki sita zinatoa kurasa 24 000. Mtu akiomba ukurasa wa 20 000, programu inatuma LIMIT 25 OFFSET 499975, yaani ruka mistari 499 975 kisha toa 25. Hifadhidata haina njia ya mkato ya kufika hapo. Indeksi ya kawaida, yaani orodha ya pembeni iliyopangwa ili kutafuta haraka, inajua tarehe fulani au jina fulani liko wapi, lakini haijui mstari wa 499 976 ni upi. Kwa hiyo inasoma mistari yote iliyotangulia kwa mpangilio, inaitupa, halafu inatoa ile 25. Ndiyo maana ukurasa wa kwanza unafunguka papo hapo na wa mbali unasuasua. Na kama safu inayopanga orodha haina indeksi, hata ukurasa wa kwanza ni mzigo, kwa sababu lazima mistari yote ipitiwe ndipo zijulikane 25 za juu.

Kuna kasoro ya pili, na kwangu hiyo ndiyo nzito zaidi, kwa sababu haionekani. Mapokezi ya hospitali hayasimami. Orodha imepangwa wapya kwanza. Karani anasoma ukurasa wa 3 huku wenzake wanaandikisha wagonjwa watano. Akienda ukurasa wa 4, anakuta mistari mitano aliyokwisha kuiona. Fishi zikifutwa au kuunganishwa, mambo yanageuka: watu kadhaa wanarukwa na hakuna anayejua. Kwa macho ya karani ni usumbufu mdogo. Kwa programu inayovuta orodha ukurasa baada ya ukurasa ili kutengeneza ripoti ya mwezi, hizo ni takwimu mbovu zinazopelekwa juu zikiwa na muhuri.

Njia ya "Endelea" haihesabu mistari. Inakumbuka mstari wa mwisho ulioonyeshwa na kuomba inayoufuata:

SELECT id, jina, postinomu, prenomu, tarehe
FROM fishi
WHERE (tarehe, id) < (:tarehe_ya_mwisho, :id_ya_mwisho)
ORDER BY tarehe DESC, id DESC
LIMIT 26;

Ikiwepo indeksi moja juu ya (tarehe, id), hifadhidata inashuka moja kwa moja hadi mahali palipoachwa, na ukurasa wa 20 000 unagharimu sawa na wa pili. Tunaomba 26 badala ya 25 kwa makusudi: mstari wa ziada hauonyeshwi, kazi yake ni kujulisha kama kuna kinachofuata. Hifadhidata ya PostgreSQL inalinganisha jozi hivi bila shida, na SQLite pia tangu toleo la 3.15 la mwaka 2016. MySQL inaukubali mwandiko huu lakini mara nyingi haiutumii vizuri kwenye indeksi; huko ni salama zaidi kuandika tarehe <= :t AND (tarehe < :t OR id < :id).

Wanaoisifu njia hii husahau kutaja mitego yake. Wa kwanza ni kuacha id. Fishi zikiingizwa kwa wingi kutoka faili moja, mamia yanaweza kubeba wakati uleule. Ukilinganisha tarehe peke yake, zote zilizobaki za wakati huo zinarukwa. Wa pili umejificha zaidi: PostgreSQL inahifadhi wakati hadi sehemu ya milioni ya sekunde, ilhali tarehe ya JavaScript, lugha ya programu za kivinjari, inaishia sehemu ya elfu. Wakati ukipita kwenye kivinjari na kurudi, tarakimu tatu za mwisho zimekatwa, na fishi zilizo katikati ya hapo zinapotea kwenye orodha. Dawa ni kuupitisha wakati kama maandishi yaliyotoka kwenye hifadhidata, bila kuugusa. Mtego wa tatu ni NULL, alama ya kisanduku ambacho hakikujazwa. Ukipanga kwa prenomu, na prenomu za baadhi ya watu hazikujazwa, kulinganisha na NULL hakutoi ndiyo wala hapana, na watu hao hawataonekana kwenye ukurasa wowote baada ya wa kwanza. Safu inayopanga orodha iwe NOT NULL, yenye maandishi matupu pale pasipo na jina.

Upande wa namba nao una haki yake. Mkaguzi anayesema "turudie ukurasa wa 14 wa orodha ya Machi" anafanya kazi halali, na kitufe cha "Endelea" hakimpi ukurasa wa 14. Kurudi nyuma kunahitaji swali la pili lenye mpangilio uliogeuzwa, kisha matokeo yapinduliwe kabla ya kuonyeshwa. Tena, jedwali linaloruhusu kupanga kwa safu yoyote linataka indeksi kwa kila mpangilio, na kila indeksi ni kazi ya ziada kila fishi inapoandikwa. Jambo kubwa kuliko yote: matokeo yakiwa kurasa tatu, OFFSET ya 50 haimuumizi mtu. Kubomoa fomu nzima kwa ajili ya mistari 75 ni kupoteza muda.

Kwa hiyo swali linalonigusa ni hili: kwa nini mtu atafute mgonjwa mmoja kwenye ukurasa wa 20 000, au hata wa 40? Anafanya hivyo kwa sababu utafutaji haukumsaidia. Na hapa kwetu utafutaji una ugumu ambao vitabu vya mbali havikuufikiria.

Angalia majina. Kwa Wanande, jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa: Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo; kwa wasichana Masika, Kavira, Kanyere. Goma, ukitafuta "Kasereka" peke yake hujatafuta kitu. Halafu fishi zetu zina visanduku vitatu, jina, postinomu na prenomu, urithi wa mwaka 1972 Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo, na watu huvijaza kwa mpangilio wanaoujua wao. Aliyeandikwa Kambale Muhindo mwaka jana, leo ni Muhindo Kambale. Fomu inayolazimisha kila neno kukaa kwenye kisanduku chake itasema hayupo, atafunguliwa fishi mpya, na historia ya matibabu yake itagawanyika.

Mwandiko nao. Familia moja ya Bukavu inaandika Cikuru, nyingine Chikuru, karani aliyesoma kwa Kifaransa anaandika Tshikuru. Murhula anakuwa Murula, Juma anakuwa Djuma, Musa anakuwa Moussa. Wengine hukimbilia Soundex, kanuni inayogeuza jina kuwa msimbo wa sauti yake, iliyomo tayari kwenye hifadhidata nyingi. Lakini Soundex ilisajiliwa Marekani mwaka 1918 kwa majina ya huko, na inashikilia herufi ya kwanza: Cikuru na Chikuru zinapata C260, Tshikuru inapata T226, haziwezi kukutana. Kanuni chache za kwetu zinafanya vizuri zaidi. Herufi zote ziwe ndogo, alama za juu na vistari vya juu vitolewe. Tsh iwe c, na ch iwe c. Rh iwe r. Dj iwe j. Ou iwe u. Ss iwe s. Matokeo ya majina yote matatu yawekwe kwenye safu moja ya ziada, tuiite ufunguo, inayojazwa kila fishi inapohifadhiwa. Anachoandika karani kinapitishwa kwenye kanuni zilezile, kinakatwa neno kwa neno, na kila neno litafutwe popote ndani ya ufunguo. Safu hiyo ni ya kutafutia tu. Jina linaloonyeshwa na kuchapishwa libaki vile mwenyewe alivyolitoa.

Kutafuta katikati ya neno, yaani LIKE '%murula%', hakutumii indeksi ya kawaida. Kwenye PostgreSQL inahitajika nyongeza iitwayo pg_trgm na indeksi ya aina ya GIN, inayokata maneno vipande vya herufi tatu tatu. Ndiyo sababu fomu ikatae herufi mbili: hapo hakuna kipande cha kutafuta na hifadhidata inarudi kupitia kila kitu. Na fomu isitume swali kwa kila herufi inayoguswa. Ingoje kama milisekunde 300 baada ya mtu kuacha kuandika.

Bado Kambale watakuwa maelfu, hivyo kisanduku cha pili kiombe mwaka wa kuzaliwa, chenye nafasi ya miaka miwili mbele na nyuma. Siku kamili haisaidii sana, kwa kuwa asiyeijua siku yake huandikwa 01/01. Kartie nayo inapunguza: Himbi si Ndosho, ingawa watu huhama, basi iwe ya hiari.

Jumla ya matokeo, ule mstari wa "487 213 zimepatikana", ni gharama ambayo wengi hawaioni. PostgreSQL haiweki hesabu tayari. Kila mara inahakiki mistari inayohusika kama inaonekana kwa anayeuliza, na mara nyingi kuhesabu kunachukua muda zaidi kuliko kuleta ukurasa wenyewe. Hesabu hadi 1001 tu kwa swali la ndani lenye LIMIT 1001. Ikifika hapo, andika "Zaidi ya 1000, ongeza mwaka au kartie". Sentensi hiyo inamfaa karani kuliko namba kamili.

Njia ya kupeleka kila kitu kwenye kivinjari na kukigawa huko, kama zinavyofanya jedwali nyingi zilizo tayari zisipopangwa vingine, ifae orodha ndogo tu. Mistari 20 000 yenye baiti 300 kila mmoja ni kama mega 6 kabla ya kubanwa. Mistari 25 ni chini ya kilobaiti 8. Mahali ambapo mega zinanunuliwa kwa franka za mfukoni, tofauti hiyo haijadiliwi.

Hukumu yangu basi: utafutaji wa jina upewe namba za kurasa zenye kikomo cha matokeo 1000, kwa sababu matokeo yanayopangwa kwa ukaribu wa mwandiko lazima yakokotolewe yote hata hivyo, na "Endelea" haiokoi chochote hapo. Elasticsearch yenyewe, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya utafutaji, huweka kikomo cha 10 000 usipoibadilisha. Orodha zinazokua kwa tarehe, kama mapokezi ya siku au matokeo ya maabara, ziende kwa "Endelea". Na kila programu inayovuta data kwa ripoti itumie "Endelea" tu, bila msamaha. Mkaguzi apewe faili iliyogandishwa ya mwezi, yenye kurasa zake.

Linabaki swali la anwani. Kuweka maneno ya utafutaji kwenye anwani ya ukurasa kunafanya kitufe cha kurudi nyuma kifanye kazi, lakini jina la mgonjwa linabaki kwenye historia ya kompyuta inayotumiwa na watu watano na kwenye kumbukumbu za seva. Tuma fomu kwa POST, njia isiyoweka maneno kwenye anwani, hifadhi utafutaji upande wa seva kwa namba ya nasibu inayokwisha baada ya saa moja, kisha mpeleke mtumiaji kwenye anwani yenye namba hiyo peke yake.