Mdoli Amefungiwa Kabatini

Nina vyeti 13 vya semina. Nilivihesabu wiki mbili zilizopita nikitafuta cha kuambatanisha kwenye maombi ya kuhuisha leseni yangu ya ukunga. Kuna cha kuzuia maambukizi, kuna cha huduma kwa mama aliyejifungua, kimoja cha lishe ambacho sikumbuki hata nilikipatia mji gani, na viwili vya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Karibu vyote vilipatikana kwa namna moja: ukumbi, projekta, chai ya saa nne na sambusa, kazi za vikundi kwenye karatasi za kubandika ukutani, halafu foleni ya kusaini posho. Posho sina ugomvi nayo. Mshahara wa mkunga unajulikana, na wanaoibeza posho mara nyingi ni watu wasioihitaji.

Ugomvi wangu uko kwingine. Nikijiuliza ni vyeti vingapi kati ya hivyo vimebadilisha mikono yangu inavyofanya kazi saa tisa usiku, jibu linaniaibisha. Kwa miaka mingi nilidhani tatizo ni kichwa changu. Kisha nikasoma tafiti za Haydom.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iko Mbulu, mkoani Manyara, kijijini hasa. Aprili 2010 wahudumu wa leba pale walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua, yale yale ambayo wengi wetu tumepitia: mdoli wa kufanyia mazoezi, ambu (mfuko wa kubonyeza wenye barakoa, wa kumpa mtoto hewa), na ile dakika ya dhahabu, kwamba mtoto asiyepumua awe ameanza kupewa hewa kabla dakika yake ya kwanza haijaisha. Wahudumu walikuwa wamepimwa kwa mdoli kabla ya mafunzo, wakapimwa tena miezi saba baada yake. Waliofaulu zoezi la kumwokoa mtoto asiyepumua walipanda kutoka asilimia 18 hadi 74. Kwa kawaida hadithi huishia hapo. Ripoti inaandikwa, mfadhili anafurahi, picha ya pamoja inapigwa mbele ya bango.

Hawa hawakuishia hapo. Walikuwa na watu waliowekwa leba, usiku na mchana, kazi yao kutazama kila uzazi na kuandika mtoto alifanyiwa nini na baada ya muda gani. Waliporudi kwenye kumbukumbu za watoto halisi, si wa plastiki, walikuta idadi ya waliofyonzwa ute au kupewa hewa haikubadilika. Kumsisimua mtoto, yaani kumkausha na kumsugua mgongo, ndiko kulikopungua hata kuliko awali.

Nilirudia kusoma hapo. Wahudumu walewale waliofaulu mtihani! Lakini aliyewahi kuwa peke yake zamu ya usiku hashangai. Mdoli hatelezi mkononi, hana mama anayekuuliza mbona halii, na hazaliwi wakati kitanda cha pili kuna mwingine anasukuma. Ukumbini unajua kabisa kwamba zamu yako ya kuokoa imefika. Leba hakuna anayekutangazia. Na watoto wanaohitaji kweli ambu ni wachache, unaweza ukamaliza wiki kadhaa bila kumpata hata mmoja kwenye zamu zako. Kichwa kinakumbuka hatua zote, mikono imeshasahau.

Kuanzia Februari 2011 Haydom wakabadilisha mtindo. Mdoli akahamia leba. Kila wiki mkunga alifanya zoezi la dakika tatu hadi tano hapohapo kazini, na mara moja kwa mwezi zoezi refu zaidi la kama dakika 40. Hapakuwa na ukumbi wala sambusa. Wakalinganisha mwaka uliotangulia na mwaka uliofuata, kila mmoja ukiwa na vizazi karibu 4,800 au 4,900. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi 1,000. Piga hesabu: ni watoto wapatao 20 kwa mwaka, katika hospitali moja.

Kilichonivutia zaidi ya vifo ni kitu kingine kwenye takwimu hizo. Watoto waliosisimuliwa na kufyonzwa ute waliongezeka, lakini waliopewa hewa kwa ambu walipungua, kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9. Mtu wa nje angeweza kusema wakunga walizembea. Mimi nasoma kinyume chake: waliwahi. Mtoto aliyekaushwa na kusuguliwa mara tu alipotoka, mara nyingi anaanza kupumua mwenyewe, na ambu inabaki mezani.

Ni utafiti wa kabla na baada, najua, na hospitali moja si nchi. Ila jambo hilo limekuzwa tangu hapo. Mradi wa Safer Births ulipeleka mazoezi mafupi ya wodini kwenye vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, kila kituo kikiwa na watu wake wenyewe wa kuyasimamia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2025 kwenye jarida la New England Journal of Medicine, mwandishi wa kwanza akiwa Mtanzania, Benjamin Kamala. Vifo vya watoto, waliozaliwa wafu na waliofariki mapema baada ya kuzaliwa kwa pamoja, vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Vituo vilipewa pia vifaa vya kusikiliza mapigo ya moyo ya mtoto na ambu bora, kwa hiyo sifa zote si za zoezi. Nani lakini angeweza kutumia vifaa hivyo kwa mikono iliyolala?

Kuna watakaonijibu kwa kusema suluhisho ni elimu ya juu, muuguzi wa cheti aende diploma, wa diploma aende shahada. Siwapingi. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake, uliochapishwa kwenye The Lancet mwaka 2014 na kuhusisha hospitali 300 za nchi tisa za Ulaya, ulionyesha kwamba wauguzi wenye shahada wakiongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufariki unapungua kwa asilimia 7. Wakuu wetu wanapenda kuinukuu nusu hiyo. Nusu ya pili inasema kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi anapandisha uwezekano huo kwa asilimia 7 ileile. Kwa hiyo ukinipeleka chuo miaka mitatu bila kuweka mtu kwenye nafasi yangu, na wenzangu wakabaki wawili kwa wodi nzima, sijui tumepata nini.

Kenya walilitazama tatizo hilo mapema. Mwaka 2005 shirika la afya la AMREF na Baraza la Wauguzi la huko, pamoja na wabia wengine, walianzisha masomo ya kupanda kutoka cheti hadi diploma kwa njia ya kompyuta, wakilenga wauguzi 22,000, ili mtu asome bila kuacha kituo chake. Hoja ni ileile ya Haydom: masomo ndiyo yamfuate muuguzi.

Ombi langu ni dogo kuliko mageuzi. Dakika tatu za mazoezi ya kila wiki pale leba ziandikwe kwenye daftari, zisainiwe na mfawidhi, zihesabike kwenye leseni kama inavyohesabika siku nzima ya kukaa kwenye kiti. Watu hufanya kinachohesabiwa. Sasa hivi katika daftari langu mimi, kukaa ukumbini kuna alama na kufanya mazoezi hakuna.

Baada ya kusoma yote hayo nilimuuliza mwenzangu mdoli wetu yuko wapi. Tulipewa, miaka imepita.

"Yuko kabatini, sista."

"Na funguo?"

"Anazo inchaji. Yuko likizo."

Inchaji aliporudi nilimweleza. Alicheka, akasema alimfungia kwa sababu wa kwanza aliibiwa, nikashindwa kumlaumu. Tukakubaliana funguo ya pili ikae kwenye toroli la dawa. Tangu hapo tunafanya kila Alhamisi wakati wa kukabidhiana zamu, kabla anayetoka hajavua viatu. Wiki ya kwanza watu walilalamika, daladala zinajaa. Wiki ya pili mmoja alileta saa ya kupimia.

Alhamisi iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliye mazoezini kwetu, alifikisha hewa kwenye kifua cha mdoli ndani ya sekunde 40. Mimi, na vyeti vyangu 13, nilikuwa bado nageuza barakoa ya ambu nikitafuta upande wa pua.