Gereji za Ngamiani na gereji za huku Ohio, tuseme ukweli

Vijana wengi wa nyumbani Tanga wananiandikia wanataka kujua ufundi magari huku Marekani unalipa vipi, na nikisoma meseji zao naona wote wanawaza kitu kimoja, kwamba ukishaingia gereji ya kampuni inayouza magari mapya basi maisha umeyapatia. Mie nipo kwenye gereji ya hivyo hapa Ohio, na kabla ya hapo nilishika spana Ngamiani pale Tanga mjini chini ya mwembe, kwa hiyo ninayosema nimeyafanya mwenyewe huku na huko.

Tuanze na hela maana ndo kila mtu anauliza. Takwimu za serikali ya huku za 2023 zilimweka fundi magari wa kawaida kwenye dola 47,770 kwa mwaka. Ukizipeleka kwenye shilingi unaona mamilioni mengi sana, sawa, ila toa kodi ya serikali, toa kodi ya nyumba, toa bima ya afya, toa gari maana sehemu nyingi huku bila gari kazini hufiki, halafu toa vifaa. Vifaa vya mkononi ni vyako wewe fundi. Kampuni inakupa lifti na mashine kubwa, lakini spana, soketi, mpaka kabati la kuvitunzia unanunua mwenyewe, na kuna lori la kuuza spana linakuja kila wiki hadi mlangoni, unakopa unalipa kidogo kidogo, nawajua mafundi wana deni la kabati miaka na miaka.

Halafu malipo yenyewe wengi wetu hatulipwi kwa mwezi wala kwa muda uliokaa kazini, tunalipwa kwa saa za kitabu. Kila kazi imeandikiwa muda wake, tuseme breki pedi na diski za mbele ni saa moja na nusu, ukimaliza kwa dakika 50 unalipwa saa moja na nusu, ukikutana na bolti imeng'ang'ania ukapigana nayo saa tatu unalipwa ile ile saa moja na nusu. Na huku bolti kung'ang'ania ni kila siku, maana wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na ile chumvi inakula chuma kwa chini mpaka unamuonea huruma mwenye gari. Gari ikiwa ndani ya waranti, yaani dhamana ya mtengenezaji, ndo kabisa, muda anaupanga aliyeitengeneza gari na anaubana kuliko ule anaolipia mteja kwa mfuko wake. Siku magari hayaji umesimama hapo na sare yako safi na hakuna cha maana kinachoingia.

Lakini kinachoniuma kuliko hivyo vyote ni kazi ya kutafuta tatizo. Gari inakuja na shoti ya umeme inayotokea leo kesho haipo, hiyo inataka mtu atulie, afuate waya mmoja mmoja, apime, afikiri. Kitabu kinakupa muda mdogo mno, kwa hiyo watu wanaikwepa wanakimbilia breki na sevisi, na anayeangushiwa anabadilisha spea moja baada ya nyingine akiomba mojawapo iwe ndo yenyewe. Nimeliona hilo sana na halinifurahishi.

Sasa na nyumbani je? Nyumbani hatuna kitabu, tuna mapatano, na hilo nalipenda kwa sababu kazi ikiwa ngumu unamwita mwenye gari unamuonyesha, bwana mkubwa tazama hii, mnaongea mnaelewana. Ila ugonjwa wa kutolipa akili ya fundi upo vilevile. Mteja anakuja, fundi hebu niangalizie mara moja, fundi anasikiliza injini, anazunguka nayo mpaka Pongwe na kurudi, anafungua, anagundua kumbe ni injini mauntini, ile mipira inayoishikilia injini, mteja anashukuru anaondoka zake kwenda kwa mwingine wa bei rahisi na jibu kashalipata bure. Fundi naye ana watoto, kwa hiyo safari nyingine hela yake anaipachika kwenye bei ya spea, halafu tunasema mafundi wezi. Kwa maoni yangu wizi huo nusu yake tunautengeneza sisi wateja.

Kwenye mikono niwaambie kabisa fundi wa Tanga hana cha kujifunza kwa wengi huku. Alteneta ikifa Ngamiani inafunguliwa, kaboni zinabadilishwa, beringi inabadilishwa, inarudi barabarani inapanda Mombo mpaka Lushoto. Huku inatolewa nzima inawekwa nyingine. Si kwamba hawawezi, ni hesabu: sehemu nyingi saa moja ya gereji mteja anatozwa zaidi ya dola 150 (fundi hapati hata nusu yake), kwa hiyo kukaa na alteneta mezani ni hasara. Kwetu spea ndo ghali na mkono ndo rahisi, basi mkono unajifunza.

Wanachotuzidi ni taarifa. Michoro ya waya ya kila gari ipo kwenye kompyuta, matatizo yanayojirudia mtengenezaji anayaandika na dawa yake, na gari ikigundulika ina kasoro ya hatari inaitwa irudi inatengenezwa bure. Chukua eabegi, ile mifuko inayofumuka kumkinga mtu kwenye ajali, za kampuni ya Takata ya Japani, Marekani peke yake ziliitwa kama milioni 67. Baruti yake ya kuufumua mfuko inaharibika miaka ikienda, na inaharibiwa zaidi na joto na unyevu, halafu siku ya ajali inalipuka kupita kiasi na vipande vya chuma vinamrukia dereva, watu wamekufa. Joto na unyevu! Hiyo ndo Tanga yetu, na barabara zimejaa magari ya zamani kutoka Japani, nani kamwambia mama mwenye gari pale Chumbageni? Watengenezaji wa Japani wana kurasa za kuangalia kwa namba ya chesisi, kazi ya dakika chache kwenye simu, na fundi anayefanya hivyo kwa kila gari inayoingia kwake anaokoa mtu. Ila ukiikuta usiifungue kwa bisibisi, eabegi inaua na fundi pia.

Binamu yangu kamaliza chuo cha ufundi cha VETA hapo Tanga, anaomba nimsaidie nauli na makaratasi aje. Nimemwambia hapana, nitamtumia mashine nzuri ya kupimia na nitamlipia michoro ya waya ya mwaka mzima, na sharti langu ni moja, kabla hajafungua boneti ya mtu ataje hela ya kutafuta tatizo, hata sh. 10,000, na mteja akitengenezea hapo hapo anakatiwa kwenye bili. Kanijibu kaka wateja watanikimbia. Wachache watakimbia kweli, hao awaache waende.